Gari Namba Nane

Mzee Wamae aliingia dukani kwa Govind kununua mkanda wa mashine ya kahawa, akatoka na kazi ya miezi miwili.

Duka lile la spea lilikuwa katikati ya mji wa Nyeri, na Wamae alilijua tangu enzi za baba yake Govind. Alikuwa amestaafu ufundi katika kiwanda cha kahawa upande wa Gakindu, lakini kila msimu ulipokaribia walimtuma yeye. Vijana waliomrithi walikuwa wakirudi na mikanda mirefu au mifupi, na yeye alipima kwa kiganja, akachukua mmoja, na ukaingia. Mwaka huo wa 1998 alikuwa na miaka sabini na minane. Mgongo wake ulikuwa bado umenyooka, na kofia yake aliipiga brashi kila asubuhi.

Siku hiyo ya Septemba Govind alikuwa ghalani. Aliyekaa kaunta ni mwanawe, Sagar, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa amemaliza chuo Nairobi. Sagar hakuinua macho. Alikuwa anakodolea kompyuta iliyowekwa kati ya makopo ya grisi na boksi la plagi, na kwenye kioo cha hiyo kompyuta kulikuwa na gari. Lilikuwa sanduku la chuma lenye magurudumu manne, pua fupi mbele, na juu yake kibanda cha bunduki kisicho na paa. Sagar alibonyeza, gari likazunguka polepole kama nyama kwenye moto.

Wamae alilitazama likizunguka mara mbili.

"Hiyo bamba ya mbele umelaza sana," akasema. "Ilikuwa imesimama. Ukilaza hivyo, dereva ataona mawingu peke yake."

Sagar aligeuka. "Mzee, unajua hii ni nini?"

"Nisijue aje na mimi ndiye nilikuwa naendesha?"

Kijana hakuamini, na hakuficha. Akamweleza kwa adabu kwamba hilo ni gari la vita la mwaka wa arobaini na moja. Yalitengenezwa machache tu, huko Nanyuki, katika gereji ya jeshi, kwa kufunika malori kwa mabamba ya chuma, kisha yakapelekwa kaskazini kupigana na Waitaliano. Leo hakuna hata moja duniani. Wamae alimwacha amalize. Halafu akamuuliza kama anajua ni kwa nini tairi la akiba lilifungwa ubavuni badala ya nyuma. Sagar hakujua. Wamae akamwambia kwamba nyuma ndiko kulikuwa na tanki la maji, kwa sababu ukivuka Isiolo maji ni roho, na tairi ukilipoteza utatembea, lakini maji ukiyapoteza huendi popote.

Sagar akavuta stuli akamkalisha. Mkanda wa kahawa ulisahaulika kaunta mpaka saa nane mchana.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kulikuwa na mchezo wa kompyuta wa vita vya vifaru, uliouzwa ng'ambo. Watu sita, ambao hawakuwahi kuonana uso kwa uso, walikuwa wakiuongezea magari ambayo waliotengeneza mchezo waliyasahau. Mkuu wao alikuwa bwana mmoja wa Kanada. Wengine walikuwa Uingereza na Poland, na wa sita alikuwa Sagar, Nyeri, ambaye aliwatumia kazi yake kwa laini ya simu kila Jumapili. Sagar alichukua vita vya kwao, vya kaskazini, kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka. Alikuwa na picha moja tu, ya mbele, gari lenyewe limejaa matope hadi kwenye taa. Ubavu, mgongo na tumbo la gari alikuwa akibahatisha.

Na watu wale walikuwa na sheria moja ambayo hawakuivunja. Gari halikuingia mchezoni bila shahidi, awe karatasi, picha au mtu. Jina la shahidi liliandikwa kwenye ukurasa wa gari lake, kila anayecheza alione.

"Jina langu liandikwe?" Wamae akauliza.

"Jina, mahali unatoka, na namba ya gari yako. Ulikuwa namba ngapi?"

"Nane," Wamae akasema. "Gari namba nane."

Msomaji asidhani ni mchezo uliomvuta mzee. Kwake vifaru vya kwenye kioo vilikuwa kama picha za sinema. Kilichomvuta ni kule kuandikwa. Miaka hamsini na zaidi alikuwa amesema kwamba aliendesha gari la chuma mpaka Uhabeshi, na Gakindu nzima ilikuwa imechoka kumsikia. Karatasi zake za jeshi ziliungua mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Emajensi, vita vya Mau Mau, nyumba yao ilipotiwa moto wakahamishiwa kijiji cha mitaro na walinzi. Tangu hapo alibaki na mdomo tu, na mdomo hauna mhuri. Ngatia, mzee mwenzake aliyekuwa mpishi wa maofisa katika vita hivyo hivyo na aliyebaki na medali yake, alipenda kumchokoza sokoni. Alisema Mzungu hangempa Mwafrika hata baiskeli ya jeshi, sembuse gari la chuma. Watu wakicheka, Ngatia huongeza, "Wamae aliendesha mkokoteni. Siku hizo hata mkokoteni ulikuwa wa chuma."

Basi kila Jumanne na Ijumaa Wamae alipanda kuelekea Nyeri, barabara ikiwa bado na mashimo ya mvua ya El Nino. Aliketi kwenye stuli ile, na gari likaanza kujengwa upya.

Hakujua gari lile kwa futi wala kwa sentimita. Alilijua kwa mwili. Mlango wa ubavu ulimfika kwapani. Kiti kilikuwa shubiri tatu kutoka sakafuni. Kutoka usukani hadi tundu la kuchungulia ni mkono ulionyooshwa, kasoro vidole. Sagar akachukua futikamba, akampima mzee mwenyewe kuanzia kwapa, shubiri, dhiraa mpaka unene wa dole gumba, akaandika yote daftarini. Kisha akagundua kwamba mzee amefupika kwa uzee, ikabidi waulize suruali ya zamani ya Wamae ilikuwa na urefu gani. Govind alipita akiwa amebeba ekseli, akawakuta mwanawe amepiga magoti anampima mteja miguu. Akauliza kama duka limegeuka la fundi cherehani.

Palipokosa maneno, Wamae alikata kopo la mafuta ya kupikia kwa mkasi wa bati akakunja pembe kwa koleo, akaonyesha jinsi mabamba yalivyokutana. Ribiti alizipiga kwa msumari. Sagar alikigeuza kile kigari cha kopo mkononi, akakirudisha kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Bharti, mama yake, alileta chai yenye tangawizi na akaacha kuuliza mzee anarudi kwao lini.

Wamae alisimulia njia nzima. Vumbi jekundu la Marsabit, rejeta iliyochemka mpaka wakapika mayai juu ya boneti, ofisa wao Mzungu aliyelala akitazama ramani. Sagar aliandika mpaka kurasa kumi na moja zikajaa. Jina moja lilirudi mara nyingi, la Moffat Kingori, mpiga bunduki wa gari hilo, rika yake Wamae, aliyetahiriwa naye msimu mmoja. Gari lilikanyaga bomu la ardhini mbele kidogo ya Moyale, ndani ya Uhabeshi. Moffat akafa, na Wamae akatoka na kovu la shingo tu. Hilo alilisema kwa ufupi, akaomba chai nyingine. Hakusema kwamba Watiri, mkewe aliyeishi naye miaka hamsini na moja, ni dada yake Moffat.

Mwishoni mwa Oktoba gari lilikuwa tayari. Sagar alilizungusha, na Wamae akasema ni lenyewe. Ukurasa ungechapishwa wiki ijayo. Wamae hakungoja wiki ijayo. Siku ya soko alimkuta Ngatia ameketi kando ya magunia ya viazi, akamwambia mbele ya watu kwamba karatasi inakuja, kutoka Kanada, yenye jina lake na namba ya gari.

Ngatia alichokonoa meno. "Tutangoja," akasema. "Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata ikipitia Kanada."

Jumanne iliyofuata Wamae alipofika dukani, Sagar hakumvutia stuli.

Mkuu wao wa Kanada alikuwa amepata nakala ya daftari la ile gereji ya Nanyuki, mwaka wa arobaini na moja, kila gari na habari zake. Gari namba nane lilipasuka injini siku ya majaribio. Likafunguliwa spea kusaidia mengine. Halikuvuka hata Isiolo. Basi yule shahidi wa Nyeri, aliandika bwana yule, hakuendesha gari namba nane, na mtu asiyejua namba ya gari lake hatujui ni nini kingine amebuni. Sagar akipata jibu kabla ya Jumapili, sawa. Asipopata, gari linatolewa na kazi yote inatupwa.

Sagar alimsomea taratibu, akigeuza maneno kwa Kiswahili, akipunguza makali pale alipoweza. Govind aliyekuwa akihesabu fani-belti rafuni alijaribu kusaidia, akaharibu zaidi.

"Mzee, si kitu," akasema. "Watu husahau. Hata mimi nasahau."

"Mimi sisahau," Wamae akajibu.

Akavaa kofia, akatoka. Sagar alimfuata mpaka barazani akimwita, lakini mzee hakugeuka. Alitembea hivyo hivyo, mgongo umenyooka, mpaka akapotea upande wa soko.

Siku tatu hakula vizuri. Watiri alimwekea githeri ya mahindi na maharagwe, akairudisha nusu. Alimuuliza kama ni tumbo, akasema ni jino. Alimuuliza jino gani kwa mtu mwenye meno manne, akatoka uani. Watiri alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Hakumsumbua tena. Msimu wa kahawa ulikuwa umeshika, na alikuwa na mbuni za kuanika, zile kahawa zisizomenywa.

Siku ya nne, Ijumaa, gari dogo la mizigo la Govind liliingia uani Gakindu, likitisha kuku. Sagar alishuka na daftari lake. Wamae alikuwa amekaa kwenye kigogo akinoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa. Watiri alikuwa ameinama juu ya magunia yaliyotandazwa, akigeuza mbuni kwa viganja. Sagar alimsalimia kwa Kikuyu, kwa sababu watoto wote waliokulia kaunta za Nyeri walikijua, na Watiri akamwitikia kwa furaha, akamwambia akae.

Sagar hakukaa. Akafungua daftari.

"Mzee, nimesoma hii kitu mara tatu. Kurasa kumi na moja. Nati za gurudumu, umeniambia sita na moja. Matundu ya hewa kwa mlango, sita na moja. Kutoka Nanyuki mpaka Moyale, ati siku sita na asubuhi ingine." Akafunga daftari. "Hakuna mahali umesema saba. Hata mara moja."

"Ndivyo tulikuwa tunahesabu," Wamae akasema.

"Basi gari yako haikuwa nane."

Panga likaacha kusugua jiwe.

Huenda msomaji wa leo asielewe, kwa hiyo nieleze. Katika maboma ya Wakikuyu wa zamani, saba haikutajwa ovyo. Ilikuwa namba ya mganga, ya viapo na laana. Mtoto aliyehesabu mbuzi aliruka kutoka sita, au akasema sita na mmoja, na akikosea mama yake alimziba mdomo. Wengi waliiacha desturi hiyo shuleni na kanisani. Wengi waliiacha mdomoni lakini ikabaki kifuani. Wamae alikuwa msomaji wa Biblia na wa magazeti, mtu aliyejifunza kuandika akiwa na ndevu, akiyacheka mambo ya kale. Lakini namba hiyo moja hakuitaja, na mkewe kwa miaka yote alidhani ni mazoea tu ya mtu aliyelelewa na bibi mkali.

Wamae alimtazama Sagar, akamtazama Watiri. Angeweza kusema amesahau. Govind alikuwa amemfungulia mlango huo tayari, na hakuna ambaye angemlaumu mzee wa miaka sabini na minane. Gari lingetupwa, Ngatia angecheka wiki mbili tatu, basi. Na Moffat angebaki alivyokuwa, mtu aliyekufa mbali, katika gari ambalo halikuwahi kuwako.

"Saba," akasema. "Ilikuwa gari namba saba."

Mikono ya Watiri ikatulia juu ya mbuni.

Kisha Wamae akasimulia, macho yake kwenye panga. Siku ya kugawa magari walipangwa mstari pale Nanyuki, madereva wengi wakiwa Wakikuyu na Waembu. Kila mmoja aliitwa achague. Magari yakaisha moja moja, na lile la saba likabaki limesimama peke yake kama mchawi kwenye harusi. Sajini alikasirika, akauliza kama wote ni wanawake. Wamae alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Akapiga hatua mbele, akasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba namba ni rangi tu. Sajini akampenda hapo hapo, akamwambia achague na mpiga bunduki wake.

"Nikamwita Moffat," akasema. "Alikuwa mstari wa nyuma, anajificha. Alikuwa anaogopa, nilimwona. Lakini rika yako akikuita mbele ya watu, utakataa aje? Akaja. Jioni akaniambia, 'Wamae, basi angalau tusiitaje. Tuiite nane.' Nikamwambia sawa. Kutoka siku hiyo, sisi wawili tuliiita nane. Alipokufa nikaendelea."

Kuku walikuwa wamerudi, wanadonoa kando ya tairi la gari. Sagar alisimama bila kujua aweke macho wapi.

Watiri alijinyoosha pole pole, mkono mmoja kiunoni. Alipozungumza alizungumza Kikuyu, bila kupandisha sauti, akimwita mumewe kwa jina la binti yao.

"Mimi si mtoto, Baba Nyaguthii. Wiki iko na siku ngapi? Naihesabu kila Jumapili na sijafa. Namba ni rangi, hapo ulisema ukweli." Akakung'uta viganja. "Lakini ndugu yangu ulimtaja wewe. Mama alienda kaburini akiuliza nani alimweka mwanawe kwenye gari hilo, na wewe ulikuwa umekaa kando ya kitanda, umeshika kikombe."

Watiri akaingia jikoni, akafunga mlango.

Sagar aliondoka na namba aliyoijia. Hakujisikia kama mtu aliyeshinda. Njiani kote alijiambia kwamba alipaswa kumuuliza mzee pembeni, nyuma ya zizi, popote pengine.

Siku ile na iliyofuata Watiri alipika, akapakua, akafua, na hakusema neno na mumewe. Wamae naye hakutafuta huruma. Alichota maji, akageuza mbuni ambazo hazikuwa kazi yake, akalala ukingoni mwa kitanda. Alichokuwa amekiogopa kwa miaka hamsini na saba kilikuwa kimekuja, na jambo la ajabu ni kwamba kifua chake kilikuwa chepesi, ingawa nyumba yake ilikuwa nzito.

Jumapili baada ya ibada, wakiwa bado nje ya kanisa, Watiri alifunga kitambaa chake upya na kusema bila kumtazama, "Huyo kijana wa Govind. Anaweza kunionyesha mahali ndugu yangu alikaa?"

Walifika Nyeri saa tisa. Duka lilikuwa limefungwa kwa kuwa ni Jumapili, lakini Bharti aliwafungulia mlango wa nyuma, akamshika Watiri mikono yote miwili kama ndugu aliyetoka safari, akaenda kupika chai. Sagar alikuwa kwenye kompyuta. Alikuwa ametuma jibu, na jibu lilikuwa limejibiwa. Daftari la gereji lilisema gari namba saba lilikanyaga bomu mbele ya Moyale, dereva akaumia shingoni. Bwana wa Kanada aliomba radhi. Aliandika kwamba hajawahi kupata shahidi bora. Lakini daftari lile lilikuwa na pengo moja. Kuhusu mpiga bunduki lilisema tu kwamba Mwafrika mmoja alikufa.

"Wanauliza jina," Sagar akasema. "Kama mnapenda liandikwe."

Wamae akamwachia mkewe.

"Andika Moffat Kingori," Watiri akasema. "Mwana wa Ngunjiri. Wa Mukurweini." Akangoja mpaka kijana akamaliza. "Weka juu. Huyu mwingine aje chini yake."

Sagar akaweka hivyo. Wamae akatikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyemuuliza. Ukurasa ulitoka kwenye mashine ukiwa bado na joto. Sagar akampa mzee, mzee akampa Watiri, naye akaukunja mara nne na kuuingiza kwenye Biblia yake. Ngatia atangoja mpaka achoke.

Kisha Watiri akavuta stuli karibu na kioo. Sagar alilizungusha gari mbele yake polepole. Akamuuliza kama watu watalipiga risasi. Sagar alijikuna shingo, akasema ndiyo, mama, ni mchezo wa vita, watalipiga. Watiri akafikiri juu ya hilo. "Hata kule walilipiga," akasema.

Sagar akalisimamisha ubavu wa kushoto, akalisogeza karibu, wakaingia ndani kutoka juu, mahali palipo wazi. Kulikuwa na kiti, sanduku la risasi na shina la bunduki. Nyuma ya bunduki Sagar alikuwa ameweka mtu, mwembamba na mnyoofu kama kigingi, uso wake umechorwa kwa rangi mbili tatu.

Watiri aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

"Huyu si yeye," akasema. "Moffat alikuwa mrefu. Alikuwa anainama akiingia kwetu jikoni."

Sagar akabonyeza, mtu akarefuka. Kichwa chake kikapita ukingo wa chuma, kikatokeza nje, shingo na mabega. Akamfupisha kidogo, bado akatokeza. Akashusha kiti, magoti yakaingia kwenye sanduku la risasi. Akasema pole pole, kama anayejisemesha, kwamba kwa vipimo hivi mtu mrefu hangeenea, labda shubiri moja ilikosewa.

"Haikukosewa," Wamae akasema.

Akavua kofia yake akaiweka kaunta. Akavuta kreti ya soda kutoka ukutani, akaigeuza, akaiketia, goti la kulia akalipandisha karibu na kifua na lile la kushoto akalisukuma pembeni. Akazungusha bega mbele. Kisha, polepole kwa sababu ya uzee na kovu, akalaza shingo kuelekea kulia mpaka sikio likakaribia bega, mikono yote miwili imeshika bunduki isiyokuwapo. Mgongo ule ambao Gakindu nzima ilijua haukunjiki ulikunjwa kama kitambaa.

"Hivi," akasema, sauti ikitoka kwa shida. "Kutwa nzima. Nilimwambia tubadilishane, akasema yeye kwenye usukani atagongesha kichwa apoteze barabara. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisa, hivi hivi, shingo imelala."

Bharti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Sagar aliondoa mkono kwenye kibodi. Wamae alianza kujinyoosha.

"Kaa hivyo," Watiri akasema, na akageuza stuli yake kutoka kwenye kioo, akamwelekea. "Usiinuke kwanza. Acha nimwone."

Wamae akakaa.